Muuza Kinga Asiye na Kinga

Bima ni ushirika wa hasara: wengi huchangia kidogo ili mmoja akifikwa na msiba, familia yake isiaibike. Mwaka 1967 dola yetu iliitaifisha biashara hiyo. Katika miaka ya 1990 ikaifungulia tena sekta binafsi.

Mwanafunzi wangu wa zamani, mwenye shahada ya uchumi, sasa anauza bima ya maisha hapa Dar es Salaam. Hana mshahara, hulipwa kamisheni tu. Wateja wake wa kwanza walikuwa mjomba, shangazi na mimi. Tulipokwisha sisi, akabaki na mtaa usiomjua.

Kazi yake ni ya heshima. Ninachohoji ni ajira inayomtwika kijana hatari yote ya soko. Anayewakinga yatima wa wenzake, nani anamkinga yeye mwezi asipouza kitu?