Jua la Kibabii halichezewi

Atokaye mjini Bungoma kwa barabara ya Chwele hufika Kibabii, palipo chuo kikuu kilichotunukiwa hati mwaka 2015. Mashamba ni ya kijani, upepo mwanana, na mgeni hudhani jua la huku halina makali.

Nami nilidhani hivyo. Niliiacha simu juu ya dashibodi, vioo vimefungwa, nikaenda kumjulia hali shangazi. Niliporudi ilikuwa imezima, moto kama chungu jikoni. Picha za mwisho za marehemu baba zilikuwa humo.

Iliwaka jioni, namshukuru Mungu. Vioo hunasa joto, nalo joto hudhoofisha betri. Apple na Samsung hushauri simu zao zisitumiwe penye joto lipitalo nyuzi 35.

Ndugu msomaji, shuka na simu yako. Ikishika moto, izime, uiweke kivulini. Usiitie frijini, itaingia unyevu.