Saa Nane

Globu ya tangi la samaki iliungua Baba akiwa na miezi minne bila neno.

Nasema "bila neno" kwa sababu sina namna nyingine ya kuieleza afasia. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, kikachukua mkono wa kulia na njia ya maneno. Akili haikwenda popote. Ukimwekea sukari nyingi kwenye chai, anasogeza kikombe. Ukimwomba ataje jina langu, anafungua mdomo, anahangaika, kisha anatazama pembeni kama mtu aliyedaiwa pesa mbele ya wageni. Amebakiwa na sauti mbili: "ee" ya kukubali na "aa-aa" ya kukataa.

Kabla ya hapo alikuwa fundi umeme. Ghorofa nyingi za Upanga amezipanda ngazi kwa ngazi, testa ikiwa mfukoni. Starehe yake ilikuwa tangi la lita 120 pale sebuleni: samaki wachache aina ya gapi na, kuliko samaki, mimea. Ana valisneria, yenye majani marefu kama utepe. Anaipenda kwa sababu humea pia Ziwa Tanganyika, na yeye ni mtu wa Kigoma. Baada ya kiharusi tuligeuza kiti chake kikaelekea tangi badala ya runinga. Kwa hiyo globu ilipoungua, sikuiona kama kazi ndogo.

Ninasoma uzamili wa afya ya jamii Muhimbili, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani. Hata hivyo, siku ya kwanza nilikwenda dukani bila kusoma chochote. Nilishuka hadi Faya, nikavuka Barabara ya Morogoro, nikaingia Kariakoo.

"Dada, unataka ya pini au ya kuzungusha?"

"Ya kuzungusha. Ni ya tangi la samaki."

"Samaki wa kula?"

"Wa kutazama."

Muuzaji akacheka, akanipa ya wati 5 yenye mwanga wa njano. "Chukua hii, inapendeza sebuleni."

Ilipendeza kweli. Maji yakawa rangi ya asali, Mama akasema sebule imekuwa kama hoteli. Baba akasema, "Aa-aa."

Wiki tatu baadaye majani yalianza kufifia, mengine yakayeyuka kwenye shina. Ndipo nikakaa chini kusoma. Kelvini, namba iliyoandikwa kwenye boksi, hueleza rangi ya mwanga: 2700 ni ule unjano wa globu za zamani, 6500 ni weupe unaokaribia wa mchana. Lumeni hueleza wingi wa mwanga. Kosa langu kubwa lilikuwa wingi: ile ya njano ilikuwa dhaifu mno. Lakini kuna jambo lililonisumbua zaidi. Lumeni hupimwa kwa kufuata jicho la binadamu. Jicho letu hushika zaidi mwanga wa kijani, wakati klorofili hunyonya zaidi mwekundu na bluu, na kijani ndicho ambacho jani hukirudisha. Ukilinganisha globu mbili nyeupe, lumeni bado inasaidia. Ila ni kipimo cha anayetazama, si cha anayekula.

Safari ya pili nilinunua mbili, za wati 20 kila moja, kelvini 6500. Muuzaji alizijaribu kwenye holda, duka zima likang'aa. Nyumbani nilizifunga zote mbili. Nikawa naziwasha nikiamka na kuzizima nikienda kulala, maana niliandika tasnifu yangu kando ya tangi na mwanga ule ulinifaa na mimi.

Mwani ukaja. Kwanza ukungu wa kijani kwenye kioo, kisha nywele zikaning'inia kwenye kila jani. Nilikwangua kioo Jumamosi, Jumatano kikawa kijani tena. Mwanga peke yake haumshibishi mmea. Unahitaji pia kaboni dioksaidi na virutubisho. Mwanga ukizidi kiasi ambacho mmea unaweza kukitumia, mwani huchukua masalia.

"Aa-aa," akasema Baba.

"Globu hizi hazifai?"

"Aa-aa."

"Rangi?"

"Aa-aa."

"Kali mno?"

Akachezesha mkono wa kushoto: kidogo. Nikatoa globu moja. Akaonyesha saa ya ukutani. Akainua vidole vitano, akakunja, akainua vitatu.

"Saa nane?"

"Ee!"

Sikuwahi kusikia "ee" yenye nguvu vile tangu atoke hospitali. Nikaenda kumwambia Mama jikoni kwamba tumezungumza.

Kesho yake nilisubiri. Ilipogonga saa nane mchana, nikawasha taa. Baba akanitazama kidogo, akaacha. Nikaandika tasnifu yangu hadi saa nane usiku, nikazima. Hivyo kwa siku tatu. Mwani ukaendelea.

Siku ya nne, saa nne usiku, Baba aligonga meza kwa kijiko. Nikaruka nikidhani ameanguka. Alikuwa anaonyesha taa. Kisha vidole: vitano, vitatu.

"Lakini Baba, saa nane imeshapita. Niliwasha saa nane kamili."

Akafumba macho. Alipoyafumbua, alinyoosha kidole kuelekea saa ya ukutani na kuanza kukizungusha hewani, polepole, kutoka pale mshale ulipokuwa nilipowasha taa. Kila akifika kwenye namba alisimama. Nikahesabu pamoja naye: moja, mbili, tatu... Tulipofika saa nne ya usiku, tulikuwa tumehesabu nane.

Hakuwa akinitajia wakati. Alikuwa akinipa kipimo. Saa nane za mwanga kwa siku, basi, zilizobaki giza.

Nilicheka, naye akacheka kwa nusu ya uso inayomtii. Kwa sababu hata angekuwa na ulimi wake wote, angesema "saa nane", na mimi ningekosea vilevile. Kosa lile lilikuwa la Kiswahili chetu na la haraka yangu. Lakini miezi minne nilikuwa nimeandika kila kutoelewana kwetu upande wa ugonjwa wake. Nilimtengenezea kadi za picha: kikombe, kiatu, mlango. Nilimwekea mbele yake asubuhi, mchana, jioni, na alipozisukuma niliongeza nyingine.

Usiku ule nilizima taa, nikazikusanya kadi, nikazifungia kabatini hadi asubuhi. Tukakaa gizani, tukisikiliza pampu ya hewa.

Sasa tangi linakwenda na globu moja, kuanzia saa nane mchana hadi saa nne usiku. Mwani haujaisha, lakini valisneria imetoa vichipukizi vitatu. Kariakoo wanauza soketi yenye saa, inayowasha na kuzima yenyewe. Yule muuzaji alinionyesha. "Chukua, dada, utasahau kabisa habari ya taa."

Sijainunua. Ikikaribia saa nne, Baba huwa ameshashika kijiko.