Taa ya Onyo na Kosa la Mtoto

Walimu-wanafunzi wanaporejea chuoni kutoka katika mazoezi ya kufundisha, malalamiko yao juu ya somo la Hisabati aghalabu huwa ya namna moja. Husema, "Mtoto huyu leo anapata, kesho anakosa, hatujui tumshike wapi." Mtoto asiyejua kabisa hawasumbui sana, kwani wanajua pa kuanzia. Anayewachosha ni yule ambaye huonekana kujua na kutojua kwa wakati mmoja. Makusudi ya makala haya ni kuzungumza juu ya mtoto wa namna hiyo. Lakini tunamwomba msomaji atuvumilie tupitie kwanza katika gereji, maana huko ndiko tulikojifunza jambo ambalo tulikuwa tukilifundisha kwa miaka kadhaa bila ya kulifahamu vyema.

Tulikuwa tumenunua, kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, gari dogo lililokwisha kutumika huko Japani. Gari hilo lilituchukua kwenda kuwakagua walimu-wanafunzi katika shule za milimani, kwa njia ile ya kona nyingi ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto. Katika mwezi wa tatu taa nyekundu ya breki ilianza kuwaka mbele ya usukani. Iliwaka kitambo kidogo, kisha ikazimika. Kila tulipofika kwa fundi ilikuwa imezimika, na breki zilishika kama kawaida. Tukawa kama mgonjwa ambaye maumivu yake huisha afikapo mlangoni kwa daktari.

Fundi wa kwanza alisema ni swichi ya hendibreki. Akaikaza, akapokea ujira wake. Alipochungulia katikati ya matundu ya gurudumu aliona pedi ya breki ya upande wa nje bado nene, akasema breki ni nzima. Fundi wa pili alikuwa kijana mwenye mashine ya kusomea hitilafu. Aliichomeka, akasoma, akatuambia kuwa gari halina kosa. Kumbe mashine ile ilizungumza na kompyuta ya injini, na katika gari letu taa ya breki ina njia yake yenyewe, haipiti huko. Dawa ya tatu tuliitoa sisi wenyewe. Tulifunua boneti, tukaona mafuta ya breki yamekaribia alama ya chini, tukanunua chupa moja na kuyajaza. Taa haikuwaka tena kwa muda wa majuma matatu. Tulijisifu nyumbani kwamba tumeokoa fedha.

Ilipowaka tena tulikuwa tukiteremka mlima siku ya Ijumaa, tukiwa na walimu-wanafunzi wawili katika kiti cha nyuma. Tulikwenda polepole hadi Mombo, na kesho yake tukalipeleka gari kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe. Tulimwamkia, tukamweleza. Mzee hakufungua kitu. Aliuliza, "Inawaka wakati gani, Mwalimu?"

Tukajibu, "Mara moja moja tu, mzee."

"Mara moja moja siyo wakati," akasema. "Taa haina kichaa. Twende tukaiulize."

Aliketi kando yetu, akatuongoza polepole katika kiwanja nyuma ya gereji. Kwanza tulipita penye mashimo, mahali palipo sawa, mara tatu. Taa haikuwaka. Akaitikisa hendibreki kwa mkono, haikuwaka. Kisha akatuamuru tukate kona ya kushoto, ikawaka. Tukateremka kwenye kijilima na kukanyaga breki, ikawaka tena. Alirudia kila jambo, akiacha mengine yote kama yalivyokuwa.

Ndipo alipotueleza. Katika gari kama letu taa hiyo moja ina mabwana wawili: swichi ya hendibreki, na boya dogo lielealo ndani ya kikopo cha mafuta ya breki. Kama swichi ndiyo mbovu, mashimo yangeliiamsha. Lakini kona na mteremko havitikisi swichi. Huyasogeza mafuta upande mmoja, na yakiwa machache boya hushuka. Ili kuhakikisha, alichomoa waya wa boya, akatuamuru turudie kona ile ile. Taa haikuwaka. Swali likabaki moja: kwa nini mafuta yamepungua? Ama yanavuja, ama pedi zimelika. Pedi zinapolika, pistoni husogea nje zaidi ili kuzifikia, na mafuta hushuka kutoka katika kikopo kwenda kujaza nafasi iliyoachwa nyuma yake.

Mzee alikagua mabomba na magurudumu yote. Hapakuwa na unyevu. Akafungua gurudumu la mbele. Pedi ya nje, ile aliyoiona fundi wa kwanza, ilikuwa bado na unene wa kutosha. Pedi ya ndani, isiyoonekana mpaka gurudumu litoke, ilikuwa imekwisha kabisa. Chuma kilisaga chuma, na diski imechimbika. Pini ambayo breki huteleza juu yake ilikuwa imeshikwa na kutu, hata kazi yote ikaelemea upande mmoja. Alipoirudisha pistoni ili kutia pedi mpya, mafuta yalipanda katika kikopo yakafurika na kumwagika chini.

"Haya ndiyo uliyoongeza, Mwalimu," akasema. "Hayakuwa yamepotea. Wewe uliizima taa tu."

Hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tukiwakumbuka wale vijana wawili katika kiti cha nyuma.

Tulirejea nyumbani kwa basi, na njiani tukafungua daftari letu la ukaguzi. Katika juma lile lile tulikuwa tumekaa nyuma ya darasa la tatu katika shule moja ya milimani. Mwalimu-mwanafunzi alikuwa akifundisha kutoa. Msichana mmoja alikuwa amepata hesabu tatu na kukosa tatu. Mwalimu wake aliandika kwa wino mwekundu, "Uwe mwangalifu." Sisi tuliona onyo hilo ni dogo. Tulimwambia mtoto, mbele ya wenzake, kwamba ni mzembe, kwa sababu anaweza na hataki. Kisha tukazinakili hesabu zake ziwe mfano wa uzembe. Hizi hapa:

68 − 25 = 43
74 − 38 = 44
59 − 36 = 23
52 − 27 = 35
97 − 41 = 56
80 − 46 = 46

Tulizitazama hesabu hizo kama mzee alivyoitazama taa, tukiuliza si ngapi amekosa, bali amekosa wakati gani. Jibu lilikuwa wazi hata tukaona haya. Alipata kila mara tarakimu za juu zilipokuwa kubwa kuliko za chini. Alikosa kila mara tarakimu ya juu katika mamoja ilipokuwa ndogo. Katika 74 − 38 alitoa 4 kwenye 8 badala ya kufungua kumi moja. Katika 80 − 46 alitoa sifuri kwenye 6. Hapakuwa na uzembe hata kidogo. Mtoto alikuwa akifuata kanuni moja kwa uaminifu kutoka hesabu ya kwanza hadi ya mwisho.

Juma lililofuata tulirudi shuleni. Kabla ya kumwita mtoto tulimwambia mwalimu-mwanafunzi kwamba tukimpa 63 − 21 ataandika 42, na tukimpa 63 − 29 ataandika 46. Akaandika hivyo hivyo. Hapo tulimwuliza kwa upole atueleze alivyofanya hesabu ya pili.

"Tatu haitoshi kutoa tisa, Mwalimu," akasema. "Kwa hiyo nimetoa tatu kwenye tisa. Tulifundishwa ndogo ndiyo inatolewa kwenye kubwa."

Na kweli alifundishwa hivyo. Mwalimu wa darasa la kwanza husema maneno hayo kwa nia njema, na kwa hesabu za darasa la kwanza yanatosha. Hatari yake huonekana baadaye, kama ile pedi ya ndani. Majibu yake matatu sahihi ndiyo yaliyotudanganya. Tuliona pedi ya nje.

Tulimpa vijiti 63, mafungu sita ya kumi kumi na vijiti vitatu peke yake, tukamwomba atoe 29. Alivitazama, akauliza kama ameruhusiwa kufungua fungu moja. Tulipomruhusu akapata vijiti 13, akatoa 9, vikabaki 4. Kisha akatoa mafungu mawili katika matano yaliyosalia, yakabaki matatu. Akaandika 34, akalinganisha na 46 yake, akacheka. Mbele ya darasa lile lile tulisema kwamba juma lililopita sisi ndio tuliokosea.

Kutokana na hayo tunawasihi walimu-wanafunzi washike mambo manne. Kwanza, msiharakishe kuizima taa. Kumwandikia mtoto jibu sahihi, au kumpa hesabu 20 za namna ile ile, ni kujaza mafuta katika kikopo: kwa majuma machache mtaona nafuu, na kanuni mbovu itaendelea kusaga chini. Pili, kusanyeni yale aliyopata pamoja na yale aliyokosa, kwani kosa peke yake halisemi wakati wake. Tatu, mkishakisia sababu, ijaribuni: tungeni swali ambalo mnajua mapema atalijibu vipi ikiwa mmekisia vyema, na mbadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Nne, mwombeni mtoto awaonyeshe njia yake kwa sauti, maana huko ndiko ndani ya gurudumu, ambako jibu la daftarini halifiki.

Hatusemi kwamba kila kosa lina kanuni ya hesabu nyuma yake. Yuko mtoto akosaye yale tu yaliyoandikwa ubaoni, na yale ya kitabuni akayapata. Huyo huenda haoni vizuri kwa mbali. Yuko akosaye vipindi vya mwisho tu. Huyo yamkini hakula tangu jana. Lakini hao nao hawatambuliwi ila kwa swali lile lile la mzee wa gereji.

Wale mtakaokwenda mazoezini muhula ujao, chukueni daftari dogo, mchague mtoto mmoja ambaye wenzenu wamekwisha kumwita mzembe, na kwa majuma mawili mwandike hali ya kila kosa lake na kila alilopata. Mkirejea tutayasoma madaftari hayo pamoja, nasi tutaleta la kwetu.