Kaka na Dada Wanuniana Wiki Nzima, Kisa Filta ya Samaki wa Marehemu Baba Yao

Basi bwana, kuna kaka na dada mmoja hivi, wakazi wa Tabata, Dar, walifikia hatua ya kutosalimiana wiki nzima. Sio nyumba, sio kiwanja. Filta ya tangi la samaki!

Tangi lenyewe si lile la kuweka mezani. Linabeba lita 600, yaani maji peke yake ni kilo 600, na ndani waliishi frontosa tisa, wale samaki wa Ziwa Tanganyika wenye mistari na kinundu kwenye paji la uso. Mzee wao, mtu wa Kigoma, aliwalea tangu wakiwa saizi ya kidole. Dume kubwa alimwita Mwenyekiti. Mzee alipofariki, tangi likabaki sebuleni pembeni ya kiti chake, na Mama hataki kusikia habari ya kuliuza.

Filta ya Mzee ilipokufa, kaka akajilipua: laki tisa, kanista mpya. Ni kopo kubwa lililofungwa, linakaa kabatini, halina kelele. Sebule ikapendeza, picha zikapigwa. Tatizo kaka aliamini filta inanasa uchafu tu. Kila Jumamosi anafungua, anasugua sponji kwa maji ya bomba mpaka zinang'aa. Kumbe anaua wafanyakazi! Samaki anatoa amonia, ambayo ni sumu. Wanaoibadilisha kuwa nitriti, halafu nitrati yenye makali madogo, ni bakteria wanaoishi kwenye hizo hizo sponji, na klorini ya bomba inawamaliza. Kwa frontosa ni balaa zaidi, maana maji yao yanatakiwa pH ya juu, na pH ikipanda amonia nayo inazidi ukali.

Usiku mmoja umeme ukakatika masaa nane. Maji ndani ya kanista yakasimama, hewa ikaisha, bakteria waliobaki wakafa na kuoza. Umeme uliporudi alfajiri watu wamelala, pampu ikasukuma uozo wote kwenye tangi. Asubuhi Mama ndiye aliyemkuta Mwenyekiti anaelea ubavu, pamoja na majike wawili.

Dada hakupiga kelele. Alisema tu, "Kaka, Baba alikuwa anaziosha kwenye ndoo, kwa maji ya tangi. Hukuwahi kumwona?"

Hapo ndipo mnuno ulipoanza.

Walipoanza kuongea tena, kaka alitaka kanista ya pili. Sio wazo baya, moja ikifa nyingine inaendelea, na unaziosha kwa zamu. Dada akataka sampu: tangi la pili chini kabatini, maji yanashuka kwa bomba, yanapita kwenye sponji, pampu inayarudisha juu. Liko wazi, linapata hewa, na nafasi ya bakteria ni kubwa. Mama, ambaye muda wote alikuwa anachambua mchicha, akauliza, "Umeme ukikatika, hayo maji si yatamwagika kwenye zulia langu?"

Swali la maana kuliko yote. Pampu ikizima, maji ya juu yanaendelea kushuka mpaka yafike usawa wa mdomo wa bomba, hivyo sampu lazima ibaki na nafasi ya kuyapokea. Fundi vioo wa mtaani akatengeneza ya lita 150. Wakachora mstari wa mwisho wa maji kwa maka, wakazima swichi makusudi mara tano. Dada akaomba sponji chafu kwa mfugaji mwenzake ili bakteria waanze kazi mapema, akaongeza na kipampu cha hewa cha betri.

Haikupita muda, umeme ukakatika kweli. Wote watatu mbele ya kabati, tochi za simu mkononi. Maji yakapanda, yakapanda, yakasimama vidole viwili chini ya ukingo. Hakuna aliyesema kitu.

Mama akakaa kwenye kiti cha Mzee. "Huyu jike mbona hajala tangu juzi? Mdomo umemvimba."

Dada akamulika. "Ana mayai mdomoni, Mama."

Kaka akapiga magoti, akasogeza simu kwenye kioo.

"Zima tochi," Mama akamwambia. "Unamsumbua."