Mtambo Unaougua kwa Saa Zake

Fundi yeyote wa redio atakiri kwamba mtambo uliokufa kabisa ni rahisi kuuponya kuliko ule unaougua leo na kupona kesho. Uliokufa hutulia mpaka sababu yake ionekane. Ule mwingine humngoja fundi afike, kisha hufanya kazi vizuri mbele ya macho yake, kama mtoto anyamazaye kulia amwonapo mgeni. Yafaa wasomaji wafahamu jinsi ugonjwa wa namna hii unavyotafutwa, kwa maana wengi huitegemea mitambo hiyo bila ya kuiona.

Kisiwa cha Mombasa kina bara kila upande isipokuwa ule wa bahari kuu: Kisauni kaskazini, Changamwe magharibi, na Likoni kusini, ng'ambo ya kivuko. Redio ndogo za mkononi, kama zile za askari wa doria na za watu wa magari ya wagonjwa, hutumia mawimbi yanayosafiri karibu kama mwanga. Vilima na majengo huyazuia. Kwa sababu hiyo huwekwa mtambo wa kupokeza sauti mahali palipoinuka, nao hupewa mlingoti mrefu. Kazi yake ni kuipokea sauti dhaifu ya mtu aliyeko Likoni na papo hapo kuirusha tena kwa nguvu, ipate kusikiwa Kisauni. Nguvu hiyo ikipungua, aliye karibu haoni tofauti, bali aliye mbali husikia mkwaruzo tu. Mtongwe, upande huo huo wa Likoni, ndipo feri ilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 wakafa. Msiba huo haukuletwa na redio. Walakini watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa thamani ya dakika moja wakati wa hatari.

Fundi mwenye busara hushika kalamu kabla ya kushika bisibisi. Katika daftari huandika siku na saa ambayo sauti ilidhoofika, hali ya hewa, na mahali alipokuwa mlalamikaji. Baada ya majuma machache daftari huanza kusema. Ugonjwa ukija saa nane mchana katika joto la kaskazi, hapana budi kutazama vipepeo vya kupoza mtambo na viungo vinavyotanuka kwa joto. Ukija kati ya saa moja na saa tatu usiku, watu wanapopika na kuwasha taa, yamkini umeme wa njiani unashuka chini ya zile volti 240 zinazotazamiwa. Ukifuata mvua ya masika, maji yameingia katika waya uendao kwenye erieli. Ukifuata upepo, kuna kitu kilicholegea juu ya mlingoti.

Baada ya daftari huja mita, nayo yataka akili. Chukua mtambo unaotumia betri na chaja, wenye volti 13.8. Unapokuwa kimya ukisikiliza tu, labda huvuta nusu ampea. Unaporusha sauti, huvuta ampea 10. Kama katika njia ya umeme kuna kiungo kilicholiwa na kutu hata kikazuia kwa kadiri ya omu 0.2, basi wakati wa ukimya hupotea sehemu moja tu ya kumi ya volti, na fundi husoma 13.7 akaridhika. Lakini mtu akianza kusema, hupotea volti 2 nzima. Mtambo hubakiwa na 11.8, na kile kiungo hupata moto wa wati 20. Kwa hiyo kupima mtambo uliopumzika ni sawa na kumpima nguvu mchukuzi aliyelala. Apimwe akiwa na gunia begani.

Jambo la tatu ni kutenga mtuhumiwa mmoja mmoja. Fundi huzima mtambo, huufungua waya wa erieli, na mahali pake hufunga kizuizi cha omu 50 kinachomeza nguvu yote bila kuirusha hewani. Hapaswi kamwe kuurusha mtambo bila erieli wala kizuizi hicho. Kama nguvu hudumu bila kuyumba hata katika saa za ugonjwa, mtambo hauna hatia. Aliye na hatia yuko juu ya mlingoti au katika waya. Mitambo mingi hujipunguzia nguvu yenyewe nguvu inaporudishwa na erieli mbovu, isije ikaungua. Aghalabu mtambo wa namna hiyo huondolewa na kuletwa mpya, nao mpya huugua vile vile.

Katika pwani, chumvi ndiyo adui mkubwa. Upepo wa kusi huileta kutoka baharini, nayo huketi juu ya shaba hata ikafanya ukungu wa kijani. Dawa yake haina fahari: kufungua viungo, kuvisafisha, kuvikaza, kuvifunika visipate maji, na kurudia kazi hiyo kabla ya kila masika.

Lakini liko jambo kubwa kuliko chumvi. Fundi anapofika akaukuta mtambo mzima, ni rahisi kuandika, "Hakuna kosa," akaondoka. Maneno hayo mawili humgeuza mlalamikaji kuwa mwongo. Akishahesabiwa hivyo mara mbili au tatu, hataleta habari tena. Ugonjwa utaendelea kimya mpaka usiku ule ambao mtu ataita msaada asisikiwe. Ni afadhali kuandika, "Kosa halikuonekana saa nne asubuhi." Sentensi hiyo ni ya kweli, tena inaacha mlango wazi. Wala mlinzi aketiye chini ya mlingoti asidharauliwe, ijapokuwa hakusoma ufundi. Yeye hukesha hapo usiku kucha, na huenda ndiye pekee aliyesikia jenereta ikigugumia au kuona taa zikififia.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi kinachoula mtambo ni kiungo kidogo kisichotazamwa, na kinachokificha ni karatasi iliyotiwa sahihi kwa haraka.