Kutoka Majengo hadi Karura: Baisikeli, Msitu na Haki ya Watoto wa Eastlands

Mgeni atokaye Pwani akifika Majengo ya Pumwani, Nairobi, hujiona kama hajatoka kwao. Husikia adhana, hunusa mahamri na mbaazi asubuhi, na huwaona kina mama waliojitanda buibui wakijuliana hali vibarazani. Mtaa huu ulianza miaka ya 1920, na watu wetu wa Pwani walikuwa miongoni mwa waliouweka msingi. Kutoka hapo mitaa ya Eastlands inatanda kuelekea mashariki: Eastleigh, Kaloleni, Makongeni, Jericho, Buruburu, Umoja, Kayole hadi Dandora.

Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, nyumba zikazungushiwa viwanja vya nyasi ili watoto wapate pa kuchezea. Mitaa mingi iliyofuata haikujaliwa neema hiyo. Tukipita huko jioni twaona mpira ukichezwa baina ya matatu zilizoegeshwa, na baisikeli moja ikipokezanwa na watoto watano kichochoroni. Mzazi hukaa roho juu hadi magharibi iingie na watoto warudi ndani.

Ndiyo sababu familia nyingi hungoja siku ya mapumziko zikaelekee Msitu wa Karura. Safari hupitia Ngara na barabara iitwayo leo Profesa Wangari Maathai. Jina hilo ni somo tosha. Msitu huu ulitengwa rasmi mwaka 1932, nao una takriban hekta 1,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa wajenzi, na Januari 1999 mama huyo na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi ule. Mwaka 2004 alitunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Kivuli tunachokikalia leo tukila sambusa zetu kililipiwa kwa damu.

Ndani ya msitu kuna maporomoko ya maji, mapango, na mbega weupe kwa weusi walioletwa kutoka kwingine ili waishi humo tena. Baisikeli hukodishwa, na waendeshaji wana njia walizotengewa. Kijana aliyezoea vichochoro vya Umoja akiingia pale huonja uhuru asioujua. Hata dada zetu waliojistiri hupata faragha ya kujifunza kuendesha bila kukodolewa macho ya barabarani.

Hapo ndipo linapozuka suala la mashindano. Baisikeli za milimani zimepata wapenzi wengi nchini, na mbio huvuta watu, fedha na heshima. Tatizo ni kuwa udongo hauna sauti ya kulalamika. Ardhi ikiwa na unyevu, tairi huchimba mfereji. Mvua ijayo hupita mferejini humo, ikachukua udongo na kuacha mizizi uchi. Mwendeshaji akiliona dimbwi hulizunguka, na anayemfuata hulizunguka zaidi, hata njia ya hatua moja ikawa ya hatua nne na miche iliyoota kando ikafa. Mtu mmoja hadhuru sana. Mamia kwa siku moja ni jambo jingine. Wahenga walisema: chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Sisi Waislamu hatuna ugeni na mizani hii. Mtume (S.A.W.) alitenga ardhi ya Naqii, karibu na Madina, iwe malisho ya farasi wa Waislamu; na Madina yenyewe aliifanya haram, miti yake isikatwe na mawindo yake yasifukuzwe. Ardhi ilitumika, lakini kwa mpaka unaojulikana. Majirani zetu Wamijikenda nao wamezitunza kaya zao kwa njia ya namna hiyo: huingiwa kwa njia zilizowekwa, na asiyeheshimu mwiko huzuiwa. Mwaka 2008 UNESCO ilizitambua kaya hizo kuwa urithi wa dunia.

Kwa hiyo hatusemi mashindano yafutwe. Katika miteremko ya Mlima Kenya hufanyika mbio za baisikeli ziitwazo 10to4, na fedha zake husaidia kazi ya shirika la Mount Kenya Trust ya kuuhifadhi mlima huo. Mchezo waweza kuwa mlinzi. Lakini kwa msitu ulio katikati ya jiji twaona masharti yafaa yawe wazi: mbio zisifanywe masika wala vuli, udongo unapokuwa mbichi, idadi ya washindani iwe na kikomo, njia ziwe zile zile za zamani, isikatwe mpya, na baada ya mbio njia zipumzishwe na kukarabatiwa kwa fedha za kiingilio kabla ya faida kugawanywa.

Sharti la mwisho ni la haki. Kiingilio kinachoonekana kidogo kwa mwenye gari ni chakula cha siku kwa mama wa Kayole mwenye watoto wanne, naye hajalipa nauli bado. Ikiwa msitu utafungwa siku nzima kwa ajili ya wenye baisikeli za thamani, mtoto wa Dandora atajifunza kwamba miti ni mali ya wengine. Mtoto aliyefunzwa hivyo hatasimama kuitetea siku wanyakuzi watakaporudi. Basi kila mashindano yatenge nafasi na baisikeli kwa watoto wa Eastlands, na sehemu ya mapato ipande miti katika viwanja vichache vilivyosalia mitaani kwao. Uwanja wenye kivuli mlangoni hupunguza pia msongamano msituni.

Nanyi akina mama, mkienda Karura na wanenu, wafunzeni adabu ya njia: wasikate kona, wasivunje breki kwenye matope, wampishe atembeaye kwa miguu, na takataka zirudi nyumbani kikapuni. Vijana wenu wakialikwa mbioni, waulizeni waandaaji maswali mawili kabla ya kulipa: njia ipi itatumika, na fedha zitakwenda wapi? Wanaojibu sawasawa tuwaunge mkono. Wasiojibu, tubaki na shilingi zetu.