Maji ya Bura na Madumu Yetu Mawili

Bura tunayoizungumzia hapa si ile ya Tana River inayojulikana kwa mashamba ya pamba. Ni Bura ya Taita, chini ya milima, baada ya kupita Mwatate kwa anayeelekea Taveta. Huko ndiko binti yetu alikopata kazi ya ualimu, naye ana mtoto wa miezi minane, nasi tulimsindikiza ili tumpangie nyumba na kukaa naye siku ishirini hivi hadi apate mtu wa kumlelea.

Tuliondoka Mombasa alfajiri. Tulituama Mackinnon Road, kama wafanyavyo wasafiri wengi wa njia ile, tukaswali rakaa mbili katika msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyefariki zama reli ya Uganda ikijengwa. Kisha Maungu, kisha Voi, na hapo tukaiacha barabara ya Nairobi tukashika ya kushoto. Mashamba ya katani ya Mwatate yalipokwisha, milima ikatukaribia, na hewa ikabadilika. Aliyezoea joto la Mji wa Kale huhisi kama kafunguliwa dirisha.

Katika buti la gari tulikuwa na madumu mawili ya lita ishirini, yamejaa maji ya Mombasa. Bibi wa mtoto ndiye aliyeshikilia. Alisema maji ya ugenini humgeuza mtu tumbo, na mtoto mchanga hana nguvu ya kushindana nayo. Hatukumbishia. Nani kati yetu hajasikia maneno hayo, au hajayasema?

Ila safari yenyewe ilitupa jambo la kucheka. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Mvua inayonyesha milima ya Chyulu huzama katika mawe ya volkano, husafiri chini ya ardhi, kisha huibuka Mzima maangavu hata viboko na samaki huonekana ndani yake. Tangu miaka ya 1950 kuna bomba linaloyaleta hadi pwani. Watu wa Taita Taveta hawajaacha kulalamika kwamba maji yanapita kwao kwenda kuwanywesha wengine, na aliyewahi kuona akina mama wakipanga foleni za ndoo katika nyika ya huko hatawalaumu. Sisi tulikuwa tukiwarudishia maji yao, lita arubaini, kwa nauli yetu.

Nyumba ya binti yetu ina mfereji uani. Maji ya Bura hushuka kutoka milimani. Milima ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya safu ndefu inayoanzia Tanzania, na misitu michache iliyobaki juu yake hunasa ukungu unaotokana na upepo wa bahari yetu hii hii. Juu kabisa, chemchemi ni safi. Lakini kijito hakishuki peke yake. Hupita mashambani, hupita kwenye malisho na karibu na makazi, na mvua ya masika ikinyesha huzoa kila kilichoachwa juu ya ardhi. Siku ya tatu mvua ilinyesha usiku, na asubuhi mfereji ukatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Bibi akatutazama bila kusema neno.

Siku hiyo hiyo jirani, mama mmoja wa Kitaita, alituletea ndizi na jagi la maji. Hapo tukapata mtihani. Kuyakataa maji ya mtu aliyekuja kukukaribisha ni utovu wa adabu, na kuyanywa baada ya tuliyoyaona mferejini kulitutia hofu. Bibi alishika bilauri, akasitasita. Yule jirani akatabasamu.

"Kunywa tu, Mama. Yamechemshwa jana usiku, yakalala mtungini. Hata sisi wenyewe hatuyanywi hivi hivi."

"Nisamehe, mwanangu," bibi akajibu, akanywa yote.

Tulikuwa tumedhani kwamba wenyeji wamezoea, kwamba wana matumbo ya chuma. Kumbe wana tahadhari, na tahadhari yao ni ya kila siku, wala haikuanza kwa ajili yetu.

Siku ya tano mtoto akaanza kuhara. Nasi tukashangaa, kwani hakuwa ameonja maji ya Bura hata tone. Uji wake na maji yake vilitoka katika madumu. Katika zahanati muuguzi alimpima, akatupa vipakiti vya chumvi ya kuchanganya na maji na vidonge vya zinki vya siku kumi, akamhimiza mama asiache kunyonyesha. Kisha akauliza maji ya kunywa twayaweka katika nini, na twayachota kwa nini.

Madumu yale yalikuwa ya mafuta ya kupikia. Tuliyaosha kwa sabuni, lakini mkono hauingii ndani ya dumu, na nyuma ya mpini mna pembe isiyofikiwa na brashi. Tulimimina maji sufuriani, tukachota kwa kikombe, na vidole vyetu vikaingia pamoja na kikombe. Maji yalikaa siku tano katika joto la jikoni. Klorini inayotiwa kwenye maji ya mjini huisha nguvu kadiri siku zinavyopita, na ikiisha, maji hayana tena mlinzi. Hivyo maji yaliyotoka kwetu yakiwa mazima yaliharibikia mikononi mwetu. Bibi alilia siku ile, wala hatukuwa na la kumwambia. Alhamdulillahi, siku ya tatu mtoto alichangamka.

Tangu hapo tulikaa tukaifikiri upya elimu tuliyokuwa tukidhani twaijua. Sote tumesoma chuoni mlango wa maji. Twajua kwamba maji yaliyofikia kulatain, zinazokadiriwa kuwa lita zipatazo mia mbili, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hiyo ni hukumu ya tohara, nayo imetimia. Lakini vijidudu vya kuhara na vya kipindupindu havibadilishi rangi, wala ladha, wala harufu. Maji ya birika yanaweza kukufaa kwa udhu na yasimfae mtoto kwa kunywa. Mama zetu waliokuwa wakifukiza mitungi kwa ubani walifanya jambo zuri, maji yakanukia. Lakini moshi wa ubani haufanyi kazi ya moto chini ya sufuria.

Wala Bura haikuanza na sisi kupokea wageni wenye kiu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliishika Taveta mwaka 1914, na Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuwafuata. Nyika ile ni kame, basi mabomba yakatandazwa kuyatoa maji milima ya Bura hadi kambi ya Maktau. Waliyanywa askari wa Uingereza, wa Afrika Kusini na wa India, wakiwamo Waislamu wa kikosi cha 130 cha Baluchi waliopigana Salaita mwezi Februari 1916. Waliyanywa pia wapagazi wetu, ambao jina la kikosi chao limebaki Kariakoo. Katika vita vile vya Afrika Mashariki, malaria na kuhara damu viliua kuliko risasi. Maktau kuna makaburi ya askari wa India hadi leo. Apitaye njia ile na awasomee Fatiha.

Ndugu zetu walioko ng'ambo nao hutuuliza swali hili hili. Aliyeko Muscat hunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi mitamboni. Yakifika mtaani ni salama, ila wengi hununua ya chupa kwa kulihofia tangi la juu ya paa, ambalo pengine halijafunguliwa miaka. Aliyeko London hunywa ya mfereji bila kuchemsha, asiogope ule ukoko mweupe wa birika, kwani ni chokaa tu. Kila mahali pana swali la kuuliza, nalo ni njia ambayo maji yamepita hadi kufika kwenye bilauri.

Kwa Bura, hivi ndivyo tulivyofanya. Mfereji ukirudi baada ya kukatika, tuliyaacha ya mwanzo yamwagike katika ndoo ya kufulia, kwani bomba tupu hufyonza uchafu penye nyufa. Yakiwa na tope tuliyatuliza, tukayachuja kwa kitambaa safi, ndipo tukayachemsha. Yakitokota barabara kwa dakika moja yanatosha. Kwa walio juu ya mita 2,000, dakika tatu. Tukayaweka katika chombo chenye kifuniko na koki, mkono usiingie. Makaa yalipokwisha tulijaza chupa za plastiki angavu tukazilaza juani saa sita. Kuna jambo moja ambalo moto hauliwezi: floridi. Baadhi ya visima vya nyanda za chini na vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, nayo huwatia watoto madoa ya hudhurungi menoni. Kuchemsha huizidisha, kwa kuwa maji hupungua nayo ikabaki. Mwenye kunywa ya kisima na akapime kwanza.

Tulipoondoka, chombo cha koki kilikuwa kimewekwa mezani, na jirani alikwisha kukubali kumlea mtoto mchana. Dumu moja binti yetu analitumia kwa maji ya kupigia deki. La pili amelikata juu, akalijaza udongo, na bibi akapanda mrehani.